Manyoya ya blanketi yakishapita kwenye mashine ya kufulia yanaishia wapi?

MamaFua_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina swali ambalo nikiliuliza mtaani watanicheka, afadhali mnicheke ninyi msionijua.

Nina kibanda cha dobi hapa Tabata. Mashine mbili, ya kilo saba na ya kilo kumi, pasi mbili, na binti mmoja wa kunisaidia. Huu ni mwaka wa nne. Kazi yangu kubwa ni mashuka ya gesti na jezi za timu za mtaani, na mvua zikianza ni mablanketi. Yale mazito ya manyoya yenye picha ya simba au maua makubwa, ambayo yakilowa binti na mimi tunayabeba kama tunambeba mgonjwa. Nayaita mikopo, maana mtu akishaleta blanketi hupotea wiki mbili kabla ya kuja kulilipia.

Kila jioni nafungua kile kichujio kidogo cha chini ya mashine. Humo natoa sarafu, vibanio vya nywele, na bonge la manyoya ya kijivu, laini, kama paka aliyenyeshewa. Juzi nimelishika mkononi akaja kijana mmoja wa chuo kuchukua blanketi lake. Akaniambia, "Mama, hiyo ni plastiki." Nikamwambia haya ni manyoya. Akaniuliza ya mnyama gani. Tukageuza lebo, imeandikwa polista mia kwa mia. Akasema polista ya blanketi na chupa ya maji ya dukani ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, na kwamba hilo bonge ni yale yaliyonaswa tu, mengine yameshapita na maji. Nikamuuliza yamepita kwenda wapi. "Usijali, yanaenda kusafishwa kwenye mabwawa ya majitaka." Akachukua blanketi lake akaondoka, elfu mbili yangu hakuitoa.

Tangu siku hiyo silali vizuri, na si kwa ajili ya elfu mbili. Kinyesi najua kinaoza. Lakini mama yangu ana blanketi alilonunua mimi nikiwa darasa la tatu. Limenyonyoka katikati hadi ukilinyanyua unaona upande wa pili, ila kuoza halijaoza. Sasa kile kilichonyonyoka kiko wapi? Na hayo mabwawa yanakisafishaje? Naomba anijibu mtu aliyewahi kusimama pale kwenye mabwawa, aliyesoma tu anisamehe.

Kijiwe_Nongwa

Dada, watu tunakunywa maji ya kisima yenye chumvi mpaka sufuria zinaota magamba, wewe unawaza manyoya ya simba. Dai elfu mbili yako ulale.

MzeeWaBwawa

Mwanangu, huyo wa juu mwache na magamba yake.

Mimi nimefanya kazi kwenye mabwawa ya majitaka miaka 19, katika mji mmoja wa kaskazini. Siutaji kwa sababu pensheni yangu inatoka huko huko.

Majitaka yakifika yanakutana kwanza na chekeche la vyuma. Ni nondo zimesimamishwa, kati ya nondo na nondo kinapita kidole. Miaka sita ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kusimama pale na reki. Nimetoa pedi, kondomu, soksi, vijiko, na siku moja meno ya bandia, safu nzima ya juu. Hayo meno tuliyaweka dirishani mwezi mzima tukisubiri mwenyewe aje. Manyoya yako yanapita hapo kama abiria mwenye tiketi.

Baada ya hapo ni mabwawa yenyewe. La kwanza lina kina, mita tatu hadi tano, jeusi, halina hewa. La pili ni pana, kina chake kama kimo cha mtu, kijani kwa sababu ya mwani. Ya mwisho ni ya kina kifupi zaidi ili jua liingie liue vijidudu. Hakuna mtambo unaozunguka. Maji yanatembea humo kwa siku nyingi, mengine kwa wiki, na vibarua wetu ni bakteria. Wanakula kinyesi, wanakula mabaki ya chakula, sabuni nayo wanaimega. Polista wanaikalia tu kama kiti.

Ukitaka kuelewa kinachotokea, fanya hivi. Chukua chupa ya maji ya dukani, kata kipande kidogo cha chupa na kipande cha kizibo, vitumbukize kwenye bilauri ya maji na uvisukume chini kwa kidole. Cha chupa kitabaki chini. Cha kizibo kitarudi juu. Plastiki zimetofautiana uzito hivyo, na bwawani ni vivyo hivyo. Nyuzi za blanketi ni za ukoo wa chupa, kwa hiyo zinazama. Ila ni nyembamba kuliko unywele, zinazama kivivu, upepo ukikoroga bwawa zinaamka tena. Nyingi mwishowe zinalala kwenye tope, baadhi zinatoka na maji. Zile za ukoo wa kizibo ama zinaota utelezi zikawa nzito zikashuka, ama zinasukumwa pembeni zikaungana na mafuta yakawa ukoko. Ukoko tulikuwa tunauopoa kwa ndoo yenye mpini mrefu na kuufukia.

Yule kijana alikudanganya bila kukusudia. Bwawa linaitoa plastiki kwenye maji na kuiweka kwenye tope, kazi yake inaishia hapo.

Kuhusu tope nina kumbukumbu moja. Mwaka tulipokausha bwawa la kwanza tulikuta tope limefika kiunoni. Tulilitandaza juani hadi likapasukapasuka kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nikainua bonge moja nilivunje, likagoma kuvunjika. Lilichanika. Ndani yake kulikuwa na nyuzi zimeshikamana kila upande, kama ule udongo wa kukandika nyumba unaochanganywa na nyasi. Wakati ule nilidhani ni nywele za watu. Wakulima walikuja na mikokoteni wakalichukua lote kwa ajili ya migomba na nyanya, na sisi tulifurahi kwa kuwa walitusaidia kulihamisha. Migomba ilistawi kweli, sitasema uongo.

MamaFua_Tabata

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya la bilauri, binti amepiga makofi. Sasa kila mteja akiingia anamwonyesha.

Kwa hiyo manyoya yangu yapo kwenye migomba ya mtu?

Kifumbu_Glasgow

Dada, salamu kutoka Glasgow, mtoto wa Tanga niliyepotelea kwenye baridi. Mimi nami ni dobi mwenzio, nafulia nyumba ya wazee, mashine sita kubwa na hewa ya joto hadi mtu unasahau nje kuna theluji.

Huku wana mitambo ya gharama, na jibu lake linakaribiana na la mzee. Kando ya mto Clyde upo mtambo unaohudumia watu 650,000. Watafiti walichota maji pale wakahesabu, matokeo yakatoka 2016. Maji yanayoingia yalikuwa na chembe za plastiki 15.7 kwa lita, yanayotoka 0.25. Yaani zaidi ya asilimia 98 zimebaki ndani. Ukiishia hapo unapiga makofi kama binti yako. Wao walizidisha ile robo ya chembe kwa maji yote ya siku moja, wakapata chembe milioni 65 zinazoingia mtoni kila siku. Mto huo naupita asubuhi nikienda kazini na ni mweupe safi kwa macho.

Nyingine walizikuta kwenye mafuta yanayoenguliwa juu ya maji, hasa zile shanga ndogo zilizokuwa zinatiwa kwenye sabuni za kusugulia uso. Shanga hizo Marekani ilizitungia sheria mwaka 2015, Uingereza nayo ikafuata 2018. Hilo lilikuwa jepesi, maana mtu ataendelea kuosha uso. Nguo huwezi kuzipiga marufuku.

Finland walipima hatua za ziada za kuchuja mwishoni. Maji yaliyopitishwa kwenye utando wenye matundu madogo sana yalipoteza asilimia 99.9 ya chembe. Bei ya utando huo tusiizungumze usiku. Na hata hapo, dada, chembe hazikufa, zilibaki upande wa pili wa utando, kwenye tope. Huku Uingereza tope kubwa linamwagwa mashambani kama mbolea. Kwa hiyo mikokoteni ya mzee na matrekta ya huku ni hadithi moja.

Kuhusu mashine zetu: Chuo Kikuu cha Plymouth walifua nguo za aina mbalimbali, nao walitoa matokeo 2016. Mzigo wa kilo sita wa akriliki, yaani yale masweta ya mitumba, unaweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000 kwa kufua mara moja. Na wenzao wa Newcastle mwaka 2019 wakaona kuwa maji mengi kwa nguo chache ndiyo yanayonyonyoa zaidi, hata kama mashine inazunguka polepole. Kile kitufe cha "nguo laini" tulichokuwa tunakibonyeza kwa huruma kumbe ndicho kibaya. Jaza mashine yako, usifue blanketi moja likiogelea.

SatoWaKirumba

Naingia kidogo kwa upande wa samaki, maana ndio maisha yangu, Mwanza. Mwaka 2015 watafiti walinunua samaki hapa sokoni kwetu, sangara 20 na sato 20, wakawapasua matumbo. Katika kila aina, mmoja kwa kila watano alithibitika ana plastiki tumboni, na aina mojawapo waliyoikuta ni hiyo hiyo polista ya mada yenu. Wateja wangu waliposikia habari hiyo redioni siku mbili sikuuza. Nikawa nawaambia, ni tumboni, na tumbo la sangara nani anakula? Wakanijibu, dagaa je? Dagaa tunamla na tumbo lake, kichwa chake na macho yake. Sikuwa na jibu, nikauza kwa hasara.

Dereva_Majitaka

Nimesoma yote kwa makini, mada inanihusu kuliko nyote. Mimi ni dereva wa gari la kunyonya vyoo. Tabata, Segerea, Buguruni ndiko kwangu, na mzigo nashusha mabwawa ya Vingunguti.

Dada MamaFua, nina swali moja tu. Bomba la mashine yako limeelekea shimoni au mtaroni?

Nauliza kwa sababu sijawahi kuitwa kwa dobi hata mmoja wa Tabata. Naitwa kwa wapangaji, baa, shule, gesti. Dobi mwenye mashine mbili angemwaga shimoni, shimo lingejaa kabla mwezi haujaisha na ningekuwa namjua kwa jina na jina la mumewe.

MamaFua_Tabata

Kaka yangu, umenikamata pabaya.

Mwaka wa kwanza maji yalikuwa yanaingia shimoni. Shimo likajaa, nikaita gari, baada ya wiki tatu likajaa tena. Safari moja ya gari inameza mablanketi yote ya wiki. Mwenye nyumba akawa mkali kwa kuwa wapangaji wa nyuma walikuwa wanatumia shimo hilo hilo. Fundi akaja na bomba la inchi mbili, akakata chini ya kibaraza, akalielekeza kwenye mtaro wa barabarani. Nusu siku kazi imekwisha. Akaniambia, "Mama, haya si maji ya choo, ni maji ya sabuni." Nami nikaona kweli, ni ya sabuni.

Kwa hiyo siku zote hizi nauliza mabwawa yanasafishaje, kumbe maji yangu hayajawahi kuyaona mabwawa.

Jumapili baada ya ibada nilimchukua binti tukaufuata mtaro kwa miguu. Nilitaka kuona mwisho wake. Unapita nyuma ya gereji, unapita kwa muuza chipsi, unaingia kwenye kalavati, ukitokea upande wa pili hauna tena saruji, ni korongo tu linaloshuka bondeni hadi mto Msimbazi. Pale penye mizizi ya mti mmoja uliolala tuliona kitu kama utando wa buibui, kijivu, umetanda kwenye mizizi. Binti akauvuta. Ukaja mzima mkononi. Alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tunaufahamu.

Na Msimbazi kila mtu wa Dar anajua unakwenda wapi. Jangwani, kisha daraja la Salender, kisha bahari.

Dereva_Majitaka

Pole dada, sikukusudia kukuaibisha. Wewe angalau umeufuata mtaro. Jiji hili walio kwenye mtandao wa mabomba ya majitaka ni wachache, wengi wetu tuna mashimo, na maji ya kufulia na kuogea yanatafuta njia yake. Hata waliokuwa na mabomba katikati ya jiji, miaka na miaka bomba lao lilimwaga baharini kule Ocean Road bila kupita bwawa lolote. Na mvua ikishuka usiku wapo wanaotapisha vyoo kabisa, hao sijui niwaweke kundi gani. Wananiharibia biashara na wanawaharibia watu wa bondeni maisha.

Kijiwe_Nongwa

Nimerudi kimya kimya. Nimefanya la bilauri.

MzeeWaBwawa

Mwanangu, usijilaumu sana kuhusu mtaro, jilaumu kiasi. Sasa tufanye kazi.

Bwawa ni nini? Ni mahali maji yanapotulia. Unaweza kuwa na bwawa la lita 200 mlangoni kwako. Chukua pipa, toboa tundu shubiri moja kutoka chini, weka koki. Maji ya mashine yaingie humo, yalale usiku kucha, asubuhi fungua koki taratibu. Kilicho chini ya koki kiache kijikusanye, utakitoa mara moja kwa wiki. Huwezi kutuliza maji yote ya siku, kwa hiyo kamata yenye manyoya mengi tu: maji ya kwanza ya blanketi na ya jezi. Mashuka ya pamba yaende zake, pamba inaoza.

Na kama hujui nyuzi zako ni pamba au polista, tumia kiberiti kama mafundi cherehani. Uzi mmoja tu, nje, mbali na nguo. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu. Polista inajikunja na kuwa ushanga mgumu.

Kifumbu_Glasgow

Naongezea: Ufaransa mwaka 2020 walitunga sheria kutaka mashine mpya za kufulia ziwe na kichujio cha nyuzi kuanzia Januari 2025. Mashine zetu za mitumba zitafika na vichujio hivyo miaka kumi ijayo, vimeziba. Usisubiri.

Kwetu Tanga marehemu bibi alikuwa na kifumbu cha kukamulia tui, ndiyo maana ya jina langu hapa. Kifumbu chenyewe matundu ni makubwa kwa kazi hii, ila kitambaa cha marikani kilichokunjwa mara mbili kinaweza kukufaa chini ya koki. Kitazibwa na sabuni, kisuuze kwenye ndoo na maji ya ndoo uyarudishe pipani, usimwage mtaroni ukajiona mjanja.

Halafu jambo la kufurahisha: Wachina wa Hangzhou mwaka 2023 walilinganisha kufua kwa mkono na kwa mashine. Kitambaa cha polista kwa mkono kiliachia nyuzi chini ya 2,000, kwa mashine zaidi ya 20,000. Ukikisugua kwenye ubao nyuzi zinaongezeka. Mama zetu walikuwa na mikono yenye akili, ingawa sikushauri uanze kufikicha mablanketi ya simba.

MamaFua_Tabata

Wakuu, narudi na taarifa ya wiki tatu. Samahani ni ndefu.

Sikuanza na pipa. Pipa ni hela. Nilianza na soksi ndefu ya binti, zile za kuvaa na sketi, nikaifunga mwisho wa bomba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nailoni ya kukamata polista, ndiyo, najua, msinicheke. Mzigo wa kwanza ikajaa kama embe. Wa pili ikawa kama papai. Wa tatu maji yakakosa pa kutokea, mashine ikaanza kulia, ikaandika herufi kwenye kioo ambazo sijawahi kuziona, halafu soksi ikapasuka na kibaraza kizima kikawa povu. Mpangaji wa nyuma alikuwa amevaa nguo za harusi. Fundi alipokuja alinieleza kuwa pampu ya mashine inasukuma maji ikitegemea njia iwe wazi, ukiiziba itaungua, na pampu mpya ni bei ya mablanketi mengi sana.

Ndipo nikanunua pipa. La bluu, lililokuwa na mafuta ya kula, Buguruni. Fundi akaweka koki kama alivyosema mzee. Bomba la mashine linamwaga juu wazi, hakuna cha kuziba, pampu haina malalamiko. Usiku maji ni ya kijivu kama uji wa ulezi. Asubuhi juu ni meupe kidogo, sabuni bado ipo, lakini ukitia mkono chini unagusa kitu laini kinachokimbia vidole. Maji ya koki yanapita kwenye marikani, na marikani nayo inabaki na manyoya, ila machache kuliko nilivyotegemea. Kazi kubwa inafanywa na kule kutulia.

Jumamosi binti anatoa ya chini kwa kata, anaimwaga kwenye kitambaa kilichotandazwa juu ya karai, maji yakiisha anaanika kwenye sinia juu ya bati. Ikikauka inabanduka nzima, kama kipande cha zulia. Rangi ni ya kijivu siku zote, hata wiki tuliyofua jezi nyekundu za timu mbili. Sijui nyekundu inakwenda wapi. Nilijaribu kiberiti. Uzi wa kwanza ushanga mweusi, wa pili ushanga, wa tatu jivu, wa nne ushanga. Binti alitaka kuendelea, nikamnyang'anya kiberiti.

Gharama: pipa, koki, kazi ya fundi, marikani mita mbili. Nimepandisha blanketi kwa mia tano. Wateja wawili wamehama, mmoja amerudi.

Tatizo lililobaki ni hivi vipande vya zulia. Nikivitia kwenye taka vitapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi vikapeperuke. Nikichoma, moshi wa plastiki unaingia kwa wapangaji, na huyo wa harusi bado hajanisamehe. Binti anataka kujazia mto wa kiti. Mzee, mlikuwa mnafanyaje?

MzeeWaBwawa

Tulikuwa tunafukia, mwanangu, na leo nisingekushauri, uwanja wako si wako na jirani ana kisima. Visokote vikiwa vikavu kabisa, vishindilie kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa kijiti, funga kizibo. Angalau vitakuwa vimelala na ndugu yao, na upepo hauwezi kuvibeba. Mto wa kiti usifanye, una vijidudu vya nguo za watu na utanuka masika yakija.

Dereva_Majitaka

Dada, nyongeza ya mtu wa kazi: yale maji ya koki bado yana sabuni na nyuzi nyembamba, na bado unayatoa mtaroni. Ongea na mwenye nyumba mchimbe shimo la pili la maji ya kufulia peke yake, dogo, lenye chemba ya kutuliza kabla. Litakuwa halijai haraka kama la choo kwa sababu chini haliwi na kinyesi cha kuziba udongo. Likijaa niite, nitakufanyia bei ya mwanafunzi wangu, na hapo sasa maji yako yataiona Vingunguti kwa mara ya kwanza.

MamaFua_Tabata

Nimeongea naye leo. Amesema shimo atachimba yeye kama nitalipa kodi ya miezi sita mbele. Nimemwambia anipe hadi mwisho wa mwezi.

Chupa ya kwanza imejaa nusu, ipo kwenye rafu ya sabuni. Yule kijana wa chuo alikuja jana na blanketi la mwenzake, akaiona, akaiinua kwenye mwanga, akauliza ni nini. Nikamwambia asome lebo ya blanketi alilolishika. Elfu mbili amelipa. Amechukua picha ya chupa na pipa, anasema anampelekea mwalimu wake, na mimi nimemwambia aandike vizuri kwamba soksi haifai.